Kesi ya Baba Haijaisha

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye, mama. Goti linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mimi mwili ni mzima, theluji imeanza kuyeyuka na masomo yanakwenda. Moyo ndio haujatulia tangu baba mdogo aliponipigia simu.

"Kesi ya kaka imeisha," alisema. "Wale waganga, lambalamba, wamepiga ramli. Mchawi ni bibi Yasinta."

"Baba alikatwa panga njiani. Bibi Yasinta hata jembe hainui."

"Ee, msomi! Aliyeshika panga alitumwa na nani? Huko Ufini hamyajui haya."

Mama, wiki hiyohiyo darasani tulijadili kwa nini nchi nyingine huwakamata wauaji wengi na nyingine wachache. Mwalimu alisema huku muuaji mara nyingi ni mtu aliyekuwa akinywa pombe na marehemu. Jirani hupiga simu, polisi hufika damu haijakauka, na anayesema "nimeona" halali mahabusu. Nikatukumbuka sisi. Wanaume walimbeba baba kwa kuwa ni aibu kumwacha mtu wetu chini. Tukamwosha, shangazi akafua shati lake. Polisi walipofika kutoka Kasulu, tulikuwa tumemaliza. Muuza ndizi aliyesema ameona mtu akikimbia, wakamweka ndani yeye. Baada ya hapo hakuna tena aliyeona kitu.

Kisha mwalimu akasema nchi hazihesabu sawa: kwingine kesi huisha mtu akikamatwa tu, kwingine mpaka ahukumiwe. Kwa hesabu ya baba mdogo, hapo kwetu Kagerankanda tunaishinda dunia. Kila marehemu wetu ana muuaji wake, tena kabla ya arobaini.

Anasema ukoo unangoja neno lako, wewe mjane, Jumapili baada ya kanisa, ndipo wamfukuze bibi na kuchoma nyumba yake. Mama, usilitoe. Najua unavyotamani kuwa na mtu wa kumchukia. Mimi pia natamani, mpaka naona aibu. Lakini aliyemkata baba anatembea, na siku nyumba ile ikiungua hakuna atakayemtafuta tena. Afadhali tukae bila kujua.

Mchukue bibi alale kitandani kwangu. Mlango wa mfiwa hawatauvunja.

Nisalimie shangazi, na kaka mkubwa, mwambie asikae mbali na nyumba. Msalimie hata baba mdogo. Alimpenda kaka yake, na hilo ndilo linalomsumbua.

Wakikutenga kwa ajili ya hili, wajue wametutenga wawili.

Binti yako,
Editha