Tumbo ni Langu

Kwako Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo, na usininunie kwa kuchelewa kuandika. Mimi mzima. Ndevu zimeota tano na zote nazichana.

Uliyoyasikia ni kweli: nimeacha kula nyama. Siumwi, wala hakuna msichana aliyenishauri. Nakata nyama kutwa nzima buchani kwa Mjomba, nikifika nyumbani sina hamu nayo. Basi. Tumbo ni langu.

Mjomba alikuja juu. "Muuza nyama hali nyama! Wateja watadhani tunawauzia mizoga!" Akachoma pande la steki, akaniwekea mbele ya foleni nzima. "Kula, au vua aproni."

Bibi, nisikufiche. Kazi nyingine sina, na shule unajua tulivyoachana. Nikaanza kufungua kamba za aproni.

Ndipo yule mama fundi cherehani, mteja wetu mkali kuliko wote, akapaza sauti: "Mwacheni! Nyie wengine steki mnajifichia, sisi mnatujazia mifupa. Huyu haitamani. Mimi atanikatia yeye."

Foleni yote ikahamia kwangu! Mjomba akaila ile steki mwenyewe. Leo gogo langu la kukatia liko mlangoni, lake liko nyuma karibu na ndoo.

Nakuja Jumapili. Nipikie maharage, na usinifichie kipande cha nyama chini ya wali. Nakujua.

Ni mimi mumeo,
mkata nyama mwenye foleni