Aliyenyeshewa ni Mama

Umetimia mwaka, Baba, tangu ututoke, na redioni bado wanakulilia kwa wimbo wako wa mlango. Sisi tumekulilia vya kutosha. Leo tuna hasira, na utatusikiliza.

Ulikuwa fundi wa mageti. Mchana ulichomelea vyuma, jioni ulipiga gitaa kwa vidole vyenye makovu ya cheche. Jirani akipoteza ufunguo ulikwenda kumfungulia na kandambili zako, chai ikapoa. Mlango wako mwenyewe haukuwa na komeo, watu wakacheka kwamba mganga hajigangi. Roho nzuri ulikuwa nayo, hatukatai.

Lakini wimbo ule: "Nimesimama mvuani, nifungulie, mgongoni nimebeba kesho." Miaka thelathini na mitano watu walikupa pole. Mtangazaji alisema kesho ni gitaa. Mhadhiri mmoja akasema ni taifa. Wote walikubaliana kwamba mkeo ndiye aliyekufungia nje. Sokoni walimnong'ona Mama, "Ndiye huyo, mwenye roho ya jiwe." Nawe ulinyamaza, ukaendelea kunywa chai yake.

Mwezi uliopita mtangazaji alimpigia Mama simu, akamuuliza alipata faida gani kukutesa. Mama akatua sufuria.

"Mwanangu, aliyefungiwa ni mimi. Nilichelewa kurudi kutoka kumuuguza mama yangu, mwenzangu akanuna, akatia komeo. Mvua yote iliniishia mwilini, na mtoto mgongoni. Alipofungua hakuniomba radhi. Wiki ile akaling'oa komeo, akatunga wimbo."

Mtoto huyo ni mimi, kifungua mimba wako. Maisha yote uliniita Kesho, nami nikadhani ni kwa sababu nikitumwa dukani nilijibu hivyo.

Kuomba radhi kwa wimbo si vibaya. Ila ungemwambia mtu mmoja tu, hata kinyozi wako, na mji mzima ungejua. Ulimwachia Mama ubaya wako, ukachukua mateso yake. Hata mvua yake uliichukua. Hilo linatuchoma, Baba.

Mama anasema alikusamehe kabla nguo hazijakauka. Zetu bado mbichi.

Unakumbukwa na mkeo. Na mimi, Kesho, na wadogo zangu wawili. Na wajukuu, ambao sasa wakiuimba wimbo wako wanamtazama Bibi.

Hatutakusahau kamwe, hata siku tukitaka. Ila wimbo huo ukipigwa, pole apewe Mama.