Kigelegele Nilichokimeza

Palma, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepungua uvimbe? Na bibi, bado anaficha dawa zake chini ya mto? Mimi mwili ni mzima. Kule jikoni kwenye kambi ya gesi ya Afungi kutwa tunamenya viazi, na jioni narudi kwa Mjomba, ambaye hajanisimanga hata siku moja.

Mama, sitakuja huko mjini Pemba. Tumefungwa mpira wa kikapu na wasichana wa Mocímboa, na wao ndio watakaokuja huko kwenye mashindano ya mkoa. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia tu.

Kocha wetu, ambaye tunamwita mista kama makocha wote huku, hatukani mtu. Alituwekea sheria moja: mwenzio akikosa kikapu, wewe uliye karibu naye umpigie kigelegele, ajue bado tunamtaka. Mazoezini nilikuwa napiga, ingawa kwa sauti ndogo. Hapakuwa na watu.

Siku ya mechi uwanja wa shule ulijaa. Mwenzetu Saida alipokosa, nikampigia. Wanaume wakaangua kicheko.

"Harusi ya nani hiyo?"

"Muulizeni mjomba wake, keshakula mahari huyo!"

Nikamwona Mjomba akiinamisha kichwa. Nilitamani sakafu inimeze.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Rosa, Mmakonde wa Mueda kule bara, ninayefanya naye kazi jikoni, rafiki yangu, alisukumwa, akapewa mipira miwili ya kurusha bila kuzuiwa na mtu. Wa kwanza uligonga chuma ukatoka. Aliyekuwa karibu naye ni mimi. Nilifungua mdomo, mama, nikautazama ule umati, nikaufunga. Rosa aligeuka akanitazama. Akangoja. Kisha akarusha wa pili, haukugusa hata chuma.

Mista alinishika bega. "Forsa, jipe nguvu, mwanangu, umecheza vizuri." Afadhali angenitukana.

Tukivua viatu, Rosa akaniambia, "Saida wa pwani mwenzio ulimpigia. Mimi wa bara ndiyo ukanyamaza?"

"Siyo hivyo, Rosa. Niliona haya."

"Haya yako inachagua watu."

Tangu siku hiyo anamenya viazi meza nyingine. Nimejaribu kumweleza mara tatu, na kila nikimweleza naona maneno yangu yanazidi kufanana na uongo. Ningekuwa yeye, nami nisingeniamini.

Juzi aliangusha trei ya glasi mbele ya wapishi wote. Wakamzomea. Hapo nikapiga kigelegele, kikubwa kama vile vyako vya harusini, mpaka jiko zima likanyamaza. Rosa hakugeuka. Aliendelea kuokota vipande. Nadhani aliona na mimi namzomea.

Jezi nimemrudishia mista. Alisema nikae nayo kwanza, nikaiacha juu ya kiti chake.

Nisalimie bibi, na dada yangu na kichanga chake ambacho sijakiona, na jirani yetu mshona nguo. Najua ulishawaomba akina mama wa mtaani wavae kanga za sare waje uwanjani kunishangilia. Waambie nimewaangusha. Lakini wakitaka kwenda, waende tu, wampigie vigelegele yeyote atakayekosa.

Ni mimi binti yako asiye na sauti,
Zainabu