Waya Haukuingia Ndani

Uingereza, mwezi wa Novemba

Tata, baba yangu mpendwa,

Mmeamkaje hapo Ekerenyo? Mimi ni mzima, ila baridi imeniingia vidoleni. Mguu wa Mama umepata nafuu? Na mahindi, mmeshaanika, au mvua bado inawachezea? Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimeketi.

Naikumbuka mashine yetu ya kusaga kuliko hata nyumba niliyolala. Ukiiwasha asubuhi, lile kopo ulilolitundika juu ya bomba la moshi lilipiga tok, tok, tok mpaka ng'ambo ya kilima, na akina mama wakajitwika wimbi bila kuitwa. Unga ulitoka wa moto. Niliutia mkono ndani hadi kwenye kiwiko, nawe ukanifokea. Huku wananiuliza kwa nini msichana apende harufu ya dizeli.

Ninachosomea sasa ni nozeli, kile kichuma kinachopulizia mafuta ndani ya injini. Tundu lake ni dogo kuliko la sindano, kwa hiyo tumetengeneza mfano mkubwa wa plastiki inayopitisha mwanga, tuone mafuta yakipita. Yanapokata kona kali ya kuingilia tundu, msukumo wake hushuka ghafla na yakatoa viputo, kana kwamba yanachemka, wala moto hakuna. Mbele kidogo viputo hivyo hujifumba kwa kishindo. Kimoja si kitu. Lakini vikigonga mahali pamoja mwezi baada ya mwezi, chuma huliwa.

Wiki iliyopita mwalimu wangu aliniwekea chini ya hadubini nozeli iliyopasuliwa katikati. Ndani ilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Nani ameiharibu hii?" akaniuliza.

Nilijibu kabla hajafunga mdomo. "Fundi. Ameichokoa kwa waya."

Akacheka. "Fundi gani? Imefanya kazi humu humu maabarani, na ufunguo ninao mimi. Waya huacha mikwaruzo mirefu. Unaona hata mmoja?"

Sikuona. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti, maana vishimo vile nilikuwa nimewahi kuviona. Nozeli ya mashine yetu ilipokufa, mafundi wa mjini waliipasua, nawe ukanipa niiangalie kwa kioo cha kukuzia. Vishimo tupu, Tata. Mkwaruzo haukuwapo.

Siku ile siisahau. Mashine imezima, foleni imefika barabarani, na Fundi Ochieng' amesimama mlangoni mikono imejaa masizi. Akina mama wanamchokoza: "Fundi, leo tusage kwa meno?" Naye anawajibu, "Wenye meno watangulie!" Kisha wewe, uliyeamini ameiua nozeli kwa kuichokoa, ukaniita mbele ya watu wote. "Moraa, wewe ni mtoto wa shule, hudanganyi. Ulimwona na waya?"

Nikasema, "Nilimwona."

Ilikuwa kweli. Lakini jana yake tu, akisugua masizi ya nozeli kwa waya huo, Ochieng' alikuwa ameniambia, "Mwalimu," hivyo ndivyo alivyoniita, "waya ni wa nje tu. Ndani sitii hata sharubu ya panya." Nililisikia neno hilo, nikamwona akifanya hivyo hivyo, na ulipouliza sikulisema. Hukunitisha. Watu wazima wote walikuwa wamenyamaza kunisikiliza, na mimi nilipenda kusikilizwa. Ochieng' alinitazama mara moja, akafuta mikono, akachukua kofia yake.

Sasa umeniandikia kwamba amekuja kuomba kazi kwenye mashine mpya, nawe ukamjibu, "Mashine yangu haitaki waya." Unasema watu walicheka. Tata, tangu siku ile hakuna aliyemkabidhi injini, toka Marani mpaka mjini. Anaziba pancha za baiskeli pale Daraja Mbili, mtu aliyeweza kusikia ugonjwa wa injini akiwa bado njiani. Jina lake lilivunjwa uani kwetu, na mimi ndiye niliyekupa nyundo.

Nakuomba umrudishe. Wala usimwite aje kwetu. Mwenye kosa ndiye aendaye, wewe mwenyewe umetufundisha hivyo. Nenda nyumbani kwake, ule atakachokupa, umwambie mbele ya mkewe na watoto wake kwamba hakuharibu kitu. Najua wewe ni mzee wa kanisa na maneno haya ni mazito kutoka kwa binti. Ukikasirika, nikasirikie mimi.

Nisalimie Mama, na bibi anayeniombea kila alfajiri. Mwambie Shangazi Kemunto, muuza ndizi, kwamba huku ndizi huuzwa moja moja, apate kucheka. Kaka Nyakundi anayekusomea barua hii asiruke mstari wowote, hata ukimwambia aruke.

Najua unajiuliza kwa nini leo nimekuandikia kwa Kiswahili, sisi ambao barua zetu zote ni za lugha yetu, Ekegusii. Ekegusii cha Ochieng' kiliishia kwenye bei za sokoni. Ukifika kwake mpe karatasi hizi mkononi, azisome mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Moraa