Jogoo wa Thobias

Geita, 14 Septemba 1953

Dada Mwamvua,

Shikamoo. Hujambo wewe na wanao? Magoti ya Mama yamepoa? Mimi mwili mzima. Moyo ndio ulionishikisha kalamu.

Huku nafundisha Kiingereza kwa Kiswahili, na watoto wenyewe hawajui hicho wala hiki. Majumbani ni Kisukuma tupu. Hata kununua chumvi nilihitaji mkalimani, naye alikuwa Thobias, msaidizi wa shule. Kiswahili anacho, Kiingereza hana, na kabla yangu darasa lilikuwa lake.

Nilipofika wazazi walinichinjia mbuzi. Nilimwomba Thobias awaeleze kwa adabu kwamba mimi ni Mwislamu, nyama ambayo hakuichinja Mwislamu siwezi kuila, wanisamehe. Akasema aliyoyasema, watu wakaondoka mmoja mmoja. Tangu hapo hakuna aliyenikaribisha kwake. Mwaka mzima, dada. Niliugua homa siku nne na hakuna aliyeniletea hata maji.

Aliyekubali kuniuzia maziwa ni mjane mmoja, Limi. Kwake nikajifunza Kisukuma kidogo kidogo, na nilipokiweza akaniuliza kwa nini nakunywa maziwa yake ilhali mikono yao inanitia kinyaa. Ndivyo Thobias alivyowatafsiria. Thobias sikumwambia neno. Niliweka moyoni.

Mwezi uliopita alikuja mkaguzi, Mzungu asiyejua Kiswahili, kuchagua mtu wa kupeleka chuo cha ualimu. Thobias akaniomba nimsemee. Akasema ualimu anauomba kwa Mungu tangu utotoni, na mkewe Zipora yuko tayari kumngoja. Mimi nikamwambia mkaguzi, kwa Kiingereza safi, kwamba huyu amechoka na watoto, anataka kurudi kuchunga ng'ombe. Mkaguzi akalifuta jina lake. Thobias akamshukuru kwa mikono miwili.

Sijutii. Ila hapa usimsomee Mama.

Jana Thobias alikuja kunishukuru. Barua ya chuo bado anaingoja. Alileta jogoo mzima, miguu imefungwa, akasema amemleta hai ili nimchinje mwenyewe, dini yangu iniruhusu. Kumbe siku ile ya mbuzi alinielewa vizuri kabisa.

Nikampokea jogoo, nikamshukuru kwa Kisukuma, kisha nikamuulizia ng'ombe wake. Uso ulimshuka; hakujua kwamba lugha yao nimeijua. Jogoo nimemla peke yangu.

Wabusu watoto, na Mama umpe shikamoo yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwinjuma