Noti Niliyoiandika Kufa

Jumapili, kisha mvua. Kwetu Ngezi kote kumenyamaza, mabati tu yanatona, na mi niko pa dirisha, mawazo mbali.

Shajara, leo nakiri.

Kazi yangu, kwa wenye hawaijue: kule Ulaya kuna frigo moja, baridi yake inapita barafu yote. Ndani mumejaa vijicho maelfu, macho madogo ya kupima, vinangoja chembe ndogo sana zenye kutoka juu angani. Ukikipa kila kijicho waya yake, waya zitaingiza joto. Basi waya ni moja, na kila kijicho kinaimba noti yake. Chembe ikikigonga, noti inashuka kidogo. Wenye kule wananitumia noti zote ku ordinatere, kompyuta yangu, mi nazipanga. Yenye haionekane, naandika: kufa.

Siku zingine naota niko ndani ya ile baridi, noti zinanipita polepole, na sitaki kuamuka.

Jumatano maestro wa korali, kwaya ya mama, aliniita pembeni. Alisema mama yangu hasikike tena, afazali apumuzike kabla ya sikukuu. Nikamujibu, "Ni kweli, maestro."

Mutoto wake mwenyewe!

Jana ku repetisyo, mazoezi ya korali, Mama Dorika, mwenye anasimamaka karibu na mama yangu, alishikwa na kikohozi katikati ya wimbo, akanyamaza. Palepale sauti ya mama ikatokea, safi, noti ileile ya Dorika. Mungu wangu! Maestro alisahau mukono juu. Kisha akasema, "Huyu hatoke."

Njiani nilimuuliza mama kwa nini anajifichaka. Alicheka.

"Dorika pumuzi yake inakatikaka. Mi namushikilia tu, asianguke. Weye na masomo yako yote, haukusikia?"

Sikusikia.

Leo nilifungua liste, ile orodha ya noti yenye nilipaswa kutuma. Kijicho kimoja nilikiandika kufa, lakini nikitazama vizuri, noti ya jirani yake ni nene kupita zingine. Nikamuandikia mwenye zamu kule Ulaya akimulike kimoja na mwanga kidogo, noti yake ishuke sawa vile chembe imekigonga. Jibu lilikuja mvua ingali inanyesha: noti zimeachana, ziko mbili. Vyote vizima.

Nikafuta lile neno. Lile la Jumatano, nani atalifuta?

Mama iko jikoni, anaponda sombe, majani ya muhogo, na kuimba peke yake. Hajue bado nilimujibu maestro nini. Nafunga ordinatere, naenda kumwambia kabla wimbo haujaisha.