Babu Ransom Amepatikana

Cedar Draw, Texas
9 Machi 1971

Dada yangu Ozella,

Nisamehe kwanza, ndipo usome. Tangu Krismasi barua yako iko juu ya jokofu inanitazama, na kila nikishika kalamu, pacha mmoja analia au mwingine anatapika. Natumaini huko Oakland hamjambo, na mguu wa shemeji umepona. Sisi tunasogea. Watoto wanaota meno kwa zamu, Curtis wangu yuko kazini relini wiki mbili kila mwezi, na Mama figo zinamsumbua, ila ulimi mzima kabisa.

Sasa kaa chini, dada. Nimempata Babu Ransom!

Unajua Mama anavyotamani kuona jiwe juu ya kaburi la babu yake kabla naye hajalazwa pale. Mwaka huu jeshi linatoa mawe ya makaburi kwa askari wa zamani wa ile ngome ya hapa kwetu, lakini fomu lazima ifike mwisho wa Aprili, pamoja na uthibitisho kwamba marehemu alikuwa askari kweli. Niliandika Washington mara tatu kumuulizia Ransom Hale wa kikosi cha farasi. Mara tatu wakanijibu hawamjui. Nililia jikoni, sikufichi.

Ndipo baada ya ibada nikamlalamikia Bibi Tolliver, yule wa miaka tisini na moja. Akanicheka mbele ya kina mama wote. Akasema, "Mwanangu, unamtafuta mtu kwa jina alilolivaa baada ya kuvua gwanda. Jeshini aliingia na jina la bwana aliyemmiliki, Crutcher, maana siku ile hakuwa na jingine. Siku ya kuachiwa akaliacha pale langoni. Mmesoma nyie, lakini kuuliza hamjui."

Nikaandika Washington tena, safari hii kwa jina la Crutcher. Bahasha ilifika Februari, nene kama mto wa kulalia. Kurasa sitini na mbili, Ozella! Nilizisoma nimesimama, mtoto kiunoni, maharagwe yakaungua. Mwaka 1867 alipojiandikisha alitia alama ya msalaba kwa sababu hakujua kuandika. Miaka mitano baadaye anasaini mwenyewe, herufi kubwa zimeinama kama uzio uliopigwa na upepo. Nilipiga kelele hadi jirani akaja mbio. Halafu kuna siku farasi wake alikufa kwa kiu huko tambarare, naye akatembea siku mbili na tandiko begani, kwa sababu tandiko lilikuwa la serikali. Mama aliposikia hilo alisema sasa ameelewa kwa nini ukoo wetu hatuwezi kutupa kitu.

Lililonichelewesha kukuandikia ni ukurasa wa arobaini na moja. Ni mwaka 1891, kifua kimeharibika, anaomba pensheni, na afisa anamuuliza habari za watoto wake. Akamtaja Callie, bibi yetu, wakati ule ana miaka kumi. Akaeleza kwamba mama yake Callie alikuwa mfua nguo wa kikosi, akafa kwa homa, baba hajulikani, naye akamchukua mtoto. Afisa aliyaandika maneno yake hivi: "Si damu yangu, na nimeapa, kwa hiyo siwezi kusema ni damu. Lakini mwandike binti yangu, kwa sababu ndivyo alivyo."

Fomu ya jiwe inataka sahihi ya mtu wa damu yake. Bwana Yancy wa kamati ya makaburi aliniambia niandike kitukuu yaishe, huyo mzee hatafufuka kunibishia. Nakiri, dada, niliandika. Nikauficha ule ukurasa chini ya nepi wiki mbili, huku Mama akimsimulia kila mgeni habari za tandiko. Lakini kila nilipokunja nepi nilimwona yule mzee mbele ya afisa, anakataa uongo ambao ungempa mtoto haki ya pensheni yake siku akifa. Mimi nimdanganyie juu ya kaburi lake? Jumatatu nikaichana fomu, nikamsomea Mama ukurasa wote.

Akaniuliza, "Alimlisha?"

Nikasema ndiyo.

"Alimsomesha?"

Nikamwambia ndiyo, mle ndani kuna hata barua ya mwalimu.

"Basi unalia nini? Mwandikie dada yako. Jiwe bado nalitaka."

Nimeuliza. Wasio wa damu wanaruhusiwa kuomba, ila watu wazima wote wa familia walio hai wakubali kwa maandishi. Waliobaki ni Mama, mimi na wewe. Usinijibu kwamba utafikiria.

Mama anakusalimu sana, na pacha wanakubusu kwa mate yao. Ninavyohitaji kabla ya tarehe ishirini Aprili ni hivi: barua yako ya kukubali, uisaini mbele ya mwanasheria mwenye muhuri, nakala ya cheti chako cha kuzaliwa, ile picha ya Bibi Callie mwenye kofia nyeupe (Mama anaitaka karibu na kitanda), na viatu vya watoto jozi mbili, namba nne, hata vilivyovaliwa. Majina yote mawili ya Babu yatachongwa kwenye jiwe, Hale likitangulia, na chini yake wanaruhusu mstari mmoja tu. Mimi nimependekeza "Baba yake Callie". Nitumie na ndiyo yako.

Mdogo wako,
Vernell